Soko la Redioni

Jirani yangu wa hapa mtaani Rusimbi, mkimbizi kutoka Burundi, husikiliza redio huku akichambua maharage, kichwa amekiinamisha upande kama mama anayemsikiliza mtoto anayejitetea. Mwenye cheo akianza kuhutubia, hupunguza sauti kwa kidole gumba chenye kovu. Zikija sauti za watu wa kawaida, huongeza. Kisha huwasimulia wenzake walioketi naye uani. "Huyo anasema njaa imekwisha," husema bila kupandisha sauti. "Ameshiba, ndiyo maana."

Leo asubuhi alikuja kumuaga Ndayikeza, mkimbizi mwenzake, na mzigo kichwani, mkewe nyuma na mtoto mgongoni. Tangu juzi redio ya kwao inatangaza kwamba vita imekwisha, wakimbizi warudi. Sasa mtangazaji alisema yuko sokoni kwenye kilima cha kina Ndayikeza, anatangaza moja kwa moja. Wachuuzi walinadi ndizi, ngoma zikalia.

"Umesikia, mama? Ni kwetu!" Ndayikeza alimwambia jirani.

Jirani aliacha maharage. "Soko lenu huwa siku gani, sha, mwanangu?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Na leo?"

Ilikuwa Alhamisi. Ndayikeza akasema, "Labda wamebadilisha siku."

"Labda. Nenda peke yako ukaangalie. Mtoto mwache hapa."

Mkewe alikwisha kuketi chini, anafungua mbeleko. Jirani aliisogeza redio sikioni, akaongeza sauti.

"Ngoma lakini ni zetu," alisema, akafumba macho mpaka zilipokwisha.