10,007 kwa Mtani Wangu

Mwanzoni mwa muhula nilisimama ubaoni nikasema 91 ni namba tasa. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida, na kabla sijamaliza kijana wa dawati la nyuma alishaanza kucheka. "Saba mara kumi na tatu, mtani," alisema, na kidato cha tatu kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo nikawa Tisini na Moja. Hata mama anayetuuzia mihogo ya kukaanga getini akaanza kuniita hivyo, akidhani ni jina la kupendeza.

Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Watani hawakasirikiani; wazee wanasema utani huo ulianza zamani za misafara, babu zetu wakipita kwao na mizigo. Nilipolalamika nyumbani Itetemia, bibi alicheka tu, akasema nami nimtanie. Lakini mimi mbele za watu ulimi hunikauka.

Basi nikatafuta namba. Jioni nikichunga karanga zilizoanikwa zisiliwe na kuku, nilikuwa nagawanya kwa kijiti mchangani. Nilijua atahofia mtego, ataamini nimeleta namba nyingine kama 91, inayojifanya tasa. Nikaamua nimpe isiyoficha kitu: 10,007. Niliijaribu kwa kila namba tasa mpaka 97, ikagoma. Kuendelea hakuna maana, kwa sababu 101 mara 101 inaipita. Kama ingekuwa na kigawanyo kikubwa, kingekuwa na mwenzake mdogo, na wadogo wote nilishawamaliza.

Ijumaa mwalimu wa hesabu hutuacha tushindane ubaoni bila kikokotoo. Nikanyoosha mkono, nikaandika 10,007 ubaoni. Nilimwambia mtani akipata kigawanyo aniite Tisini na Moja mpaka mahafali. Akishindwa, jina hilo life.

"Hii nayo inagawanyika," alisema, akachukua chaki.

Saba ikakataa. Kumi na tatu ikakataa. Akafuta, akaandika, akafuta, shati likaanza kumganda mgongoni. Alipovuka 97 bila kusimama, akaanza 101, kisha 103, nilisikia raha mpaka vidoleni. Mwalimu alinitazama, akaelewa, akamwacha aendelee. Ningeweza kumwambia aache. Nilikunja mikono.

Mwishowe akageuka, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. "Mtani, basi. Niambie inagawanywa na nini."

"Na moja," nikasema, "na yenyewe."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu alipoeleza kwamba safari ilikuwa imeishia 97, na kwamba hiyo 103 alijitafutia mwenyewe, walicheka zaidi.

Leo asubuhi getini nimemwita Mia na Tatu. Alifungua mdomo akasirike, akakumbuka sisi ni watani, akaufunga. Na mama wa mihogo naye ameshalishika hilo jina. Nilimfundisha mimi, taratibu, mpaka akalitamka vizuri.