Mjomba Mikate na stika ya huruma aliyoikataa

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate, mwanamume mwenye mguu mmoja wa bandia anapokea kreti na kuzipanga ndani ya gari lisilo lake. Mikate bado ina joto. Anaipanga kwa utaratibu anaoujua mwenyewe: ya duka la mwisho ndani kabisa, ya duka la kwanza karibu na mlango.

"Usirushe! Huo ni mkate, si tofali," anamkemea dereva wa gari hilo, ambaye amezoea kubeba saruji.

Dereva anacheka. Yeye hacheki. Wenye maduka wa upande huu wa mji wanamwita Mjomba Mikate, na kwa miaka tisa kreti hizi zilisafiri ndani ya gari lake mwenyewe, kigari cheupe chenye bodi la kufunikwa. Leo kigari hicho kimelala uani kwake chini ya turubai, bampa lina makovu ya nyundo na taa moja ni ya mtumba. Yeye amegeuka mpakizi na muonyesha njia katika gari la mwenzake, kwa malipo yasiyofika hata robo ya aliyokuwa akipata.

Ukimuuliza imekuwaje, kwanza anatoa tusi ambalo haliandikiki gazetini. Kisha anavuta pumzi.

"Walinigongea gari," anasema, "halafu wakaniandikia kwamba gari ni bovu."

Sikiliza kisa chenyewe, ndugu msomaji, nawe utatamani kutukana.

Gari la biashara lazima lipite ukaguzi kila mwaka na kubandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Bila stika, kiwanda hakipakii mkate hata mmoja. Mjomba Mikate hana ugomvi na sheria hiyo, tena ukimsikia utadhani ameitunga yeye. Anasema gari lisilopimwa ni jeneza linalotembea.

Shida ni kwamba gari lake si kama la jirani. Mguu wake wa kulia umekatwa chini ya goti, kwa hiyo shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alimtengenezea mkono wa chuma unaotokeza pembeni mwa usukani. Ukiusukuma mbele, gari linashika breki. Ukiuvuta kwako, linakwenda. Pedeli za chini zimefunikwa kwa bati, ili mguu wa bandia usije ukaziegemea. Serikali yenyewe inalijua jambo hili, maana ndiyo iliyompa leseni, na leseni inasema wazi kwamba mwenye nayo anaendesha kwa mkono.

Miaka ya nyuma ukaguzi haukuwa na neno. Mkaguzi mzee alikuwa akimwachia aliendeshe mwenyewe hadi kwenye mtambo wa kupimia breki, naye akikaa kiti cha pembeni na kalamu yake sikioni. Mzee huyo amestaafu. Kituo kimejengewa banda jipya, kimeletewa mitambo mipya, na ukutani imebandikwa amri mpya: mwenye gari haruhusiwi kukaa kwenye usukani ndani ya banda.

"Nilipopiga simu kuomba miadi nilimwambia mapema yule dada wa mapokezi," anasimulia. "Nikamwambia, mwanangu, gari langu linaendeshwa kwa mkono. Akanijibu, 'Baba, magari yote yanaendeshwa kwa mkono.' Akanipa tarehe, akakata simu."

Siku ilipofika alilifikisha gari hadi kwenye mstari wa manjano mlangoni mwa banda. Alikuwa ameliosha tangu jana yake, na mkewe alikuwa amefuta vioo kwa gazeti hadi vikawa kama havipo. Mkaguzi kijana, nadhifu, ovaroli lake bado lina mikunjo ya dukani, akamwambia ashuke.

"Nikamwambia, mwanangu, hili lina namna yake. Sukuma, usivute. Nikarudia, sukuma, usivute. Akaniambia, 'Mzee, usinifundishe kazi.' Haya! Nikachukua gongo langu nikakaa pembeni."

Gari ni otomatiki. Kijana alipoweka gia, likaanza kujivuta polepole lenyewe, kama yafanyavyo magari ya aina hiyo. Akatafuta breki kwa mguu, mguu ukakutana na bati. Akakanyaga tena, bati. Hapo moyo ukamruka. Jicho lake likaona mkono wa chuma, na kichwani mwake mkono wa chuma ndani ya gari ni hendibreki, na hendibreki huvutwa. Akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Loo! Liliruka kama mbuzi aliyeona chui," anasema Mjomba Mikate. "Lilikwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Paa! Na yeye bado kaushikilia, anavuta! Gari limeshagonga nguzo, magurudumu yanazunguka, moshi umejaa banda zima, yeye anavuta! Mimi napiga kelele sukuma, sukuma, na foleni nzima ya madereva inapiga kelele sukuma. Nani wa kutusikia?"

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Kijana alishuka. Waungwana wangesema samahani. Yeye alikwenda ofisini, akarudi na karatasi ya majibu: breki hazifanyi kazi, bampa limepinda, taa ya mbele imevunjika.

Hebu isome tena hiyo karatasi. Taa iliyovunjwa na mkaguzi, ndani ya banda la ukaguzi, kwenye nguzo ya ukaguzi, imehesabiwa kuwa ni kosa la gari. Mwandishi huyu amekaa katika kazi hii miaka mingi na ameona vituko, lakini hiki kimemshinda kumeza.

Madereva waliokuwa kwenye foleni walimzunguka kumpa pole. Mmoja wao, dereva wa teksi mwenye mdomo, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu kijana hakusikia, basi mbona guu lake zima? Watu wakacheka. Mjomba Mikate naye akacheka, kwa mara ya mwisho siku hiyo.

"Nikamwambia, mimi nilisikia la mkuu na guu likavunjika vilevile."

Kituo kilimwambia apige simu upya kuomba miadi. Akapiga. Akaambiwa nafasi ya karibu ni mwezi ujao. Meneja wa kiwanda cha mikate akamwambia hawezi kusubiri, maduka yanataka mkate kila asubuhi. Wakakubaliana kwamba njia yake apewe kwa muda dereva wa saruji, na ikifika mwisho wa mwezi ujao kama stika haijapatikana, apewe moja kwa moja. Njia hiyo ndiyo ada ya binti yake anayesomea uuguzi, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo kila kitu.

Siku chache baadaye simu ikalia. Mkuu wa kituo alikuwa anamwita.

Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamwita mzee wangu. Akamwambia yale yaliyotokea yalikuwa bahati mbaya na kwamba watu wazima huyamaliza mambo kwa utulivu. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa stika mpya na kuisogeza mbele yake.

"Akasema, 'Chukua, mzee wangu, ukaendelee na riziki yako. Tumekuonea huruma kwa hali yako.' Gari halijapimwa! Gari liko nyumbani limefunikwa turubai, na stika yake iko mezani!"

Mjomba Mikate aliitazama. Aliitaka, anakiri bila kuficha. Alifikiria ada, akafikiria kodi, na mkono ulikuwa umeshaanza kwenda. Halafu akainuka na gongo lake, akasema asante kwa chai, akatoka.

Mkewe, fundi cherehani, aliposikia aliacha kushona. Hadi leo akilizungumzia sauti inapanda.

"Nilimwambia, baba watoto, una akili timamu kweli? Stika ni stika! Mkate utaijua ilipatikanaje? Watu wanatoa rushwa kuipata, wewe unapewa bure na chai juu, unaikataa! Nilimnunia. Nilipika nikamwekea chakula mezani, neno sikumpa."

Alimnunia siku mbili. Siku ya tatu mumewe alimketisha, akamsimulia jambo ambalo alikuwa amemsimulia nusu tu tangu waoane. Kwamba aliumia kwenye lori, mkewe alikuwa anajua. Lililobaki hakulijua.

Alikuwa kijana, utingo wa lori la mchanga. Walisimama kwenye mlima, na tajiri wake akamwamuru ashuke haraka akaweke jiwe nyuma ya gurudumu. Akatii. Alikuwa ameinama na jiwe mkononi lori liliporudi nyuma. Breki zilikuwa zimekufa, na tajiri alikuwa anajua.

"Nililala pale chini, mguu uko chini ya gurudumu, nasubiri watu wainue lori," anasema. Sauti yake sasa imeshuka. "Nikageuza kichwa nikaona kioo cha mbele cha gari lililosimama jirani, kina stika. Nikajiambia, hata sisi tunayo. Ya kwetu ilikuwa mpya kabisa. Niliibandika mimi mwenyewe kwa mikono hii, wiki ileile. Tajiri alikuja nayo mfukoni. Lile lori halikwenda kukaguliwa popote."

Ndiyo maana hakuichukua ile ya mezani. Njia yake ya mikate ina mteremko mkali unaopita mbele ya shule ya msingi, na anaushuka saa ambayo watoto wanaingia. Anataka mtambo umwambie breki zake zinashika kwa nguvu gani. Ukisema ni mbovu, atazitengeneza. Lakini stika ya kuonewa huruma haimwambii kitu, na hatakubali watoto wa watu wagongwe kwa sababu ya huruma.

Mwandishi wa habari hizi alikwenda kituoni. Mkuu wa kituo alisema utaratibu ni utaratibu, na kwamba amri ya kuwazuia wenye magari inalinda usalama ndani ya banda. Alipoulizwa usalama gani, ikiwa mkaguzi wake mwenyewe ndiye aliyegonga nguzo, alisema swali hilo halina nia njema. Alipoulizwa kuhusu stika iliyotolewa kwa gari lisilopimwa, alikumbuka kwamba ana kikao.

Mkaguzi kijana alipatikana nje, amesimama karibu na nguzo ambayo bado ina rangi nyeupe ya kile kigari. Hakutaka kusema mengi.

"Mimi nilifuata nilivyofundishwa. Chuoni hatukuonyeshwa gari la namna ile hata siku moja," alisema, kisha akaangalia chini. "Nilitaka kumwomba radhi. Niliambiwa nikiomba radhi nitakuwa nimekubali kosa."

Basi ndivyo tulivyofika. Kijana hawezi kusema samahani kwa sababu samahani ni ushahidi. Mkuu anaweza kugawa stika kwa gari lililolala uani, lakini hawezi kumruhusu mwenye leseni halali aendeshe gari lake hatua chache hadi kwenye mtambo. Wanaoandika amri hizi wana miguu yote miwili, na hawakujisumbua kumuuliza hata mtu mmoja asiye nayo. Inaudhi, na hakuna sababu ya kulipamba neno hilo.

Miadi mpya ni Alhamisi ijayo, siku chache kabla mwezi haujaisha. Shemeji ameshanyoosha bampa, na taa imenunuliwa ya mtumba. Mjomba Mikate alipouliza kama safari hii ataruhusiwa kuliendesha mwenyewe ndani ya banda, dada wa mapokezi alimjibu kwamba hilo litaangaliwa hapohapo.

"Litaangaliwa na nani? Na akiangalia akaona hapana?" anafoka mkewe, ambaye sasa amehamia upande wa mumewe bila kubakiza kitu. "Alhamisi nafunga cherehani, nakwenda naye. Wakimwambia ashuke, mimi napanda. Nitakaa humo ndani hadi waniburute, na mimi si mwepesi."

Mumewe anatabasamu kidogo, kisha uso unarudi kuwa mgumu. Gari la saruji limeshajaa mikate na dereva anapiga honi, maduka yanafunguliwa. Mjomba Mikate anafunga mlango wa nyuma, anaujaribu kwa kuuvuta mara mbili, na anazunguka kwenda kiti cha abiria.

"Andika hivi," anasema, mkono mmoja ukiwa kwenye mlango. "Simwombi mtu aniachie. Nataka yule kijana akae pembeni yangu, afunge mkanda, tuingie kwenye mtambo, nishike breki, asome namba. Ikiwa ndogo, anifelishe, nitampa mkono na kurudi nyumbani kufungua breki zangu. Wapime gari. Mguu wangu ulishapimwa hospitali."