Piano ya Mbweni na Piano ya Melini

Baba alipotangaza kwamba Jumamosi anapanda basi kurudi Bukoba, nilikuwa nampakulia wali. Upawa ulibaki hewani. "Kwenda kufanya nini, baba?" nikamuuliza. Akasema, "Kukaa." Sikumuuliza kukaa na nani, maana nilijua. Kule kuna nyumba tupu, migomba, na kaburi la mama katikati ya migomba.

Tulimleta kwangu Kipawa baada ya arobaini ya mama. Mie ndiye mtoto wa kwanza, nina chumba cha wageni, na nina mdomo, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Hofu yangu ilikuwa moja tu na nitaisema ilivyo: baba akirudi kule peke yake, atakufa. Presha anayo. Vidonge hamezi mpaka umsimamie. Chakula anakichokonoa tu, ukigeuka anamsogezea paka.

Na si kwamba nilikaa tu. Nilimpeleka harusi za watu asiowajua. Nilimtembeza ufukweni Jumapili na wajukuu. Nilimtafutia wazee wa kucheza nao bao mtaani, wazee wazuri, wana maneno kama mvua. Anakwenda, anakaa, anashukuru, anarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Nilifika mahali nikawa namkasirikia, halafu najikasirikia kwa kumkasirikia.

Kitu kimoja tu tulikuwa hatujajaribu. Baba alikuwa mwalimu, na kanisani kijijini ndiye aliyekuwa akipiga piano tangu mie sijazaliwa. Kinanda cha umeme cha kanisa la jirani na kwangu alikigusa mara moja akasema, "Hii ni redio." Basi mie na mdogo wangu wa kiume tukakubaliana: tumnunulie piano yenyewe, ile ya kusimama, ya kuegemezwa ukutani. Akiwa na piano atakaa. Tukaelewana vizuri kabisa kwa muda wa kunywa chai, kisha vita ikaanza.

Mdogo wangu anauza vifaa vya ujenzi, na ni mtu anayependa kitu kikiwa bado na nailoni yake. Yeye alikuwa ameshapata mpya kwa wakala mmoja mjini. Picha anayo kwenye simu, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Tatizo ni kwamba haipo. Inaagizwa, inakuja kwa meli, kama miezi minne hivi. Mie nilikuwa nimepata ya mtumba, iko Mbweni nyumbani kwa mtu. Ukiipenda leo, kesho inapakiwa.

"Dada, mzee wetu tumpe mtumba?" akaniambia kwenye simu. "Watu watasemaje?"

"Watu gani? Hao watu ndio wanaomhesabia vidonge?"

"Mti wa zamani una mchwa, dada. Utamletea mzee kichuguu."

"Na hiyo yako ya melini itamkutia wapi? Stendi?"

Akaguna. Nikajua nimempata, nami sikumwachia. Nilimwambia Alhamisi aje na gari, tunakwenda Mbweni na baba mwenyewe, akaishike kwa mikono yake. Kama kweli anampenda mzee, aache mambo ya kung'aa.

Alikuja, uso kama amekunywa shubiri. Baba alikaa mbele na kofia yake mapajani, haulizi tunakwenda wapi. Hatujafika hata Mwenge, simu yangu ikaita. Ni mama mwenye piano. Mtu mwingine amempigia, anakuja kuiangalia alasiri, na amesema ana fedha mkononi. "Mie simfichi mtu, mwanangu," akasema yule mama. "Atakayewahi." Mbele yetu magari yamesimama tuli. Nikamwambia mdogo wangu apite pembeni. Akasema pembeni kuna trafiki. Nikamwambia angeniachia mie usukani tungekuwa tumefika. Akasema, "Ungekuwa wewe tungekuwa kituo cha polisi." Baba akasema kwa upole, "Wanangu." Tukakaa wima wote wawili kama tuko darasa la pili. Leo Alhamisi, kesho Ijumaa, na keshokutwa baba yuko kwenye basi.

Tulifika yule mtu mwingine hajafika. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, na Ukristo wangu. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, ana dera la njano mbichi. Tukampa shikamoo. "Marahaba wanangu, karibuni, piteni ndani," akasema, kisha akamsalimia baba kwa kumwita kaka. Piano ilikuwa sebuleni, imefunikwa khanga mbili. Akazitoa taratibu, akazikunja, akaziweka kando.

Jamani. Nilipoiona tu, moyo uliniruka. Mbao za kahawia, vibao vyake vimekuwa vya njano kama meno ya mtu mzima. Ilifanana na ile ya kanisani kwetu. Mama alikuwa akikaa benchi la mbele kabisa karibu nayo, na siku zote alianza kuimba kabla ya wenzake. Mdogo wangu akachuchumaa kuikagua nyuma na tochi ya simu, anatafuta mchwa wake. Hakuna mchwa. Nikamtolea macho.

Baba akakaa. Akaweka kofia sakafuni. Akabonyeza kibao kimoja, kingine, kisha vidole vyote vikashuka pamoja, na nyumba ikajaa. Kibao kimoja cha juu kilikwama kwa sababu ya chumvi ya bahari, akakirudisha kwa kucha na kuendelea. Alipiga wimbo mzima. Tangu tumzike mama, baba alikuwa hajagusa kitu chochote kwa namna ile. Nikamtazama mdogo wangu, naye macho yamemlowa, akaitikia kwa kichwa. Nimeshinda, nikasema moyoni. Baba anakaa.

Kisha baba akainua mikono. "Na mpigaji wake yuko wapi?" akauliza.

"Mume wangu," yule mama akajibu. "Alikuwa anafundisha watoto hapa hapa. Katangulia mbele ya haki."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, kaka yangu. Nimetoka eda juzi tu."

Baba akafunga kifuniko cha piano. Hakukibamiza, alikishusha kama unavyofunika chungu. Akageuka kwenye kiti akamwelekea yule mama. "Hukuiuza mapema?"

"Nani angeniruhusu? Na mie mwenyewe nani angenitoa? Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, sijipambi, sivai rangi. Watu wanakuja, wanakaa na mie, wanaondoka. Nikitaka kulia nalia. Hapakuwa na mtu wa kuniambia basi, inatosha. Siku ilipotimia nikaoga, nikavaa, nikaona sasa naweza kukitazama kiti chake."

Baba akakitazama kiti alichokalia. Nje gari likasimama, mlango ukafungwa. Ni yule mnunuzi. Nikaanza kuchanganyikiwa. "Baba, tuichukue basi. Umeipenda, si umeipenda? Tumlipe mama hapa hapa."

"Hapana," baba akasema. "Agizeni ile mpya."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilisahau niko nyumbani kwa watu. "Baba! Jumamosi unaondoka! Hiyo mpya ni miezi minne, iko sijui bahari gani! Unataka tuagize piano ikae inatazamana na paka? Au unatafuta tu njia ya kutukatalia?" Mdogo wangu akanishika mkono, nikauchomoa. Yeye ndiye angefurahi, mpya imeshinda, lakini hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda. Alikuwa ameogopa kama mie.

"Nimesikia miezi minne," baba akasema. "Toka mlipokuwa mnagombana kwenye simu nimesikia. Ukuta wa nyumba yako mwembamba."

Mlangoni mtu akabisha hodi. Yule mama akaitikia karibu, lakini hakunyanyuka.

"Huyu dada wenzake walimpa muda," baba akasema, na sauti yake ilianza kupasuka. "Alikaa, akalia, akatoka. Mie nilipewa mkono wa pole makaburini, siku ile ile wajomba zako wakaniuliza funguo za stoo. Mwanamume hana eda. Arobaini ikaisha, mkagawa nguo za mama yenu, mkanipakia kwenye gari. Na huku kila Jumapili naambiwa nichangamke. Nichangamke vipi? Nilikuwa narudi nyumbani kwa sababu hapa hakuna mahali pa kulilia." Akafuta uso kwa kiganja. "Hii ni ya marehemu wa huyu dada. Mie nina marehemu wangu, na bado sijamlilia. Agizeni ile ya melini. Mpaka ifike nitakuwa kwako, chumba kile kile. Basi la Jumamosi liende. Ila hiyo miezi minne mniache. Msinipeleke harusini. Mkinisikia nalia usiku, msigonge mlango."

Nilitaka kusema ndiyo baba. Badala yake nilikaa chini pale pale kwenye mkeka wa yule mama, mwanamke mzima na mkoba wangu begani, nikaanza kulia mie kabla ya baba. Yule mama akaenda mlangoni, akamwambia mgeni wake asubiri kidogo barazani, ndani kuna watu wana msiba.