Koili ya Shawa

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga akiwa kwake Chepsaita, na kufikia Julai tulikuwa tukiishi naye Eldoret ili awe karibu na kliniki. Daktari alitaka aoge maji ya moto kila asubuhi kabla ya mazoezi. Kwa baridi ya Julai yetu, hata mtu mzima wa afya anahitaji maji hayo. Ndiyo maana nilishtuka siku hita ya shawa ilipotoa maji baridi.

"Wacha tu, nitaoga jioni," aliniambia kupitia mlangoni, sauti ikitetemeka.

Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini Uganda. Nikampigia simu fundi wa stima aliyetufungia hita hiyo. Alikuwa na kazi Moiben wiki nzima.

"Hiyo imekufa, mama. Nunua mpya, nitakuja Jumamosi niifunge."

Hakuwa ameiona. Hilo ndilo lililonikera.

Mimi ni mshonaji. Cherehani zangu za stima nimezifungua mwenyewe miaka yote. Lakini cherehani haikutani na maji. Jirani yetu mmoja aliwahi kurushwa na shawa hadi ukutani, na mpaka leo mkono wake haushiki kikombe vizuri. Nilikaa jikoni muda mrefu nikijiuliza kama kuifungua hita mwenyewe ni ujasiri au ni kiburi. Mwishowe nikajiwekea kanuni. Nitazima meni swichi, nitafungua kifuniko na kuangalia. Nikikuta waya umeungua, nitafunga na kumngoja fundi. Nikikuta ni koili tu, ule waya uliojikunja unaochemsha maji, nitaibadilisha.

Ilikuwa ni koili. Ilikuwa imekatika katikati, ncha zake nyeusi, lakini waya zote zilikuwa safi.

Niliifunga kwenye leso nikaenda nayo mjini. Muuzaji wa vifaa vya stima aliigeuzageuza.

"Fundi wako amesema ununue ya aina gani?"

"Fundi ni mimi. Nataka inayofanana na hii."

Aliniangalia mara ya pili, kisha akapanda ngazi kuitafuta. Akiwa huko juu akanionya kwamba maji yapite kwanza kabla sijawasha, la sivyo koili mpya nayo itaungua. Nilimshukuru kwa dhati, maana hilo sikulijua.

Nilipoanza kazi, mama mkwe alikataa kwenda kupumzika. Alikaa kwenye kiti mlangoni, skrubu zangu zikiwa mapajani mwake.

"Kijana wangu alipotaka kukuoa, nilimuuliza kama unajua kulima," alisema.

"Akakujibu nini, Mama?"

"Akasema hujui hata kushika jembe."

Tulicheka mpaka nikashuka kwenye stuli.

Baada ya kufunga kifuniko niliweka beseni chini, nikaacha maji yapite, nikatoka bafuni ndipo nikarudisha stima na kubonyeza swichi iliyo nje. Nikasubiri. Mvuke ukaanza kupanda kwenye kioo. Nilizima tena kabla ya kugusa beseni. Nilishaamua kwamba hakuna atakayesimama chini ya shawa ile mpaka fundi apime waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu asirushwe na stima. Kwa siku hizo mama mkwe aliogea kwenye beseni, bila kulalamika.

Jumamosi fundi alikuja, akafungua, akapima kila mahali kwa kifaa chake. Hakukaza hata skrubu moja.

"Iko sawa kabisa. Nani amefunga hii?" Akachungulia sebuleni, nadhani akimtafuta mume wangu.

"Unamtafuta nani?" mama mkwe akamuuliza. "Ni huyu amesimama mbele yako."

Fundi akanipa mkono, kama mafundi wanavyosalimiana. Mama mkwe alikuwa ameshachukua taulo lake. Akatuomba wote wawili tumpishe, aoge.