Nyaya mbili na aibu ya Fundi Herman

Saa mbili asubuhi, malori ya mchele yanaanza kuondoka Kagongwa, na Fundi Herman Maduhu amelilaza gitaa la besi chali juu ya khanga iliyokunjwa, kama mgonjwa anayesubiri kupasuliwa. Anafungua skrubu moja moja na kuzitia kwenye kifuniko cha chupa. Mikono inajua kazi yake. Uso ndio hautulii: kila anayepita akisema "Shikamoo, fundi," anashtuka kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Kazi yenyewe ni ya dakika tano," anasema. "Kugeuza nyaya mbili, basi. Nimeikwepa wiki sita."

Herman, mwenye miaka 51, ametengeneza redio, spika na feni kwa miaka 23 katika kibanda cha mabati kilichopakana na duka la vitenge la Zuwena Akida. Siku njema hupata shilingi elfu ishirini. Siku mbaya hupata salamu.

Juu ya mlango aliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu: FUNDI HAKOSEI, UMEME NDIO UNAKOSEA. Siku hizi maneno hayo hayaonekani. Ameyaning'inizia feni mbovu.

Yote yalianza Juni, besi ya kwaya ya kigango chao ilipoharibika pikapu moja. Pikapu ni kile kipande chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi, kikidaka mtetemo na kuupeleka kwenye spika. Besi hiyo inazo mbili, na kila moja ina kitufe chake cha sauti.

Herman aliagiza nyingine kutoka Mwanza. Alipokwenda ofisi ya mabasi kuuliza kama pikapu yake imefika, karani, akidhani ni gari, alimwomba namba za usajili. Pikapu yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha.

Aliifunga siku hiyo hiyo. Waya mweupe akauchomelea palipokuwa na mweupe, mweusi palipokuwa na mweusi. "Mimi nimekulia kwenye redio," anasema. "Kwangu nyeusi ni nyeusi."

Lakini watengenezaji wa pikapu hawakukaa kikao kimoja wakakubaliana rangi. Fundi makini huunganisha mita ya mshale, huweka bisibisi juu ya pikapu, kisha huiinua na kutazama mshale unaruka upande gani. Hurudia kwa pikapu ya pili. Mshale ukiruka pande tofauti, nyaya za moja zigeuzwe.

Herman hakupima. Mwalimu wa kwaya, Generosa, alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi akipimapima sana, mteja anaona hajui," anasema, akiangalia skrubu. Alijaribu pikapu ya kwanza peke yake, ikalia vizuri. Akajaribu ya pili peke yake, nayo ikalia vizuri. Akakabidhi.

Ikaja siku ya mavuno. Kanisa lilijaa, na kwaya ya wageni ilikuwa imetoka Kharumwa. Eliya Mabula, mpigaji wa besi mwenye miaka 26, alifungua vitufe vyote viwili mpaka mwisho, kama inavyopasa siku ya sherehe.

Pikapu mbili zikashindana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu akiwa ndani na yule nje. Ule mngurumo wa chini ukafa. Ikabaki sauti ya nyuki ndani ya kopo.

Wachimbaji dhahabu wa huku, shimo lao wanaliita duara, na duara likitoa mali husema limetema. Wachimbaji walikuwa wengi kanisani. Mmoja, benchi la nyuma, akamwambia rafiki yake kwa sauti: "Nkoi, duara hilo halijatema."

Kanisa likacheka, wageni na wenyeji. Tangu siku hiyo Eliya akaitwa Hajatema.

Generosa alimgeukia Herman aliyekuwa benchi la tatu. "Baba Paskalia, chombo ni kizima?"

Herman alisimama, akavuta koti likae sawa. "Chombo ni kizima, Mwalimu. Kinategemea na mikono."

"Ningesema tu 'ngoja nikiangalie'," anasema sasa. "Maneno mawili. Nilikuwa nimevaa koti, nikaona hayanitoshi."

Wiki iliyofuata Eliya aliiacha kwaya, akahamia Kharumwa kulisha mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Besi ikafungiwa kabatini.

Wiki sita zilizopita Herman alikuwa anatengeneza spika mbili za ukumbi, moja ikiwa imegeuzwa nyaya. Alipoziwasha pamoja, mngurumo ukafa vile vile. Hapo akajua besi ilipatwa na nini.

Hakwenda kwa Generosa. Alianza kusali misa ya kwanza, ambayo kwaya haiimbi.

Jirani yake ndiye aliyemshtukia. "Baba Paskalia, misa ya kwanza tangu lini?" Zuwena alimuuliza. "Wewe huamki hata kwa king'ora cha zimamoto." Alipoelezwa, aliacha kukunja kitenge. "Mimi si wa kanisa lenu. Lakini kumsingizia mtu ni kumsingizia, dini zote."

Wiki hii Herman aliiomba besi, akidai anataka kuipuliza vumbi. "Hata hapo nimedanganya," anakiri. Kisha akampigia simu Eliya.

"Shikamoo, Baba Paskalia."

"Marahaba. Eliya, ile besi... kosa lilikuwa langu. Nilikosea kuunga nyaya."

Eliya akasogea mbali na karasha.

"Nani mwingine anajua?"

"Zuwena wa vitenge."

"Zuwena alikuwepo kanisani?"

"Hakuwepo."

"Basi usinitemee mimi kwenye simu. Mimi nilijua mikono yangu ni mizima. Waambie waliocheka."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Nitakaa benchi la tatu."

Kibandani, Herman anayeyusha risasi ya kuchomelea, anageuza nyaya mbili, anapuliza. Anaweka bisibisi, anainua. Mshale unaruka kulia. Pikapu ya pili, kulia. Anapima tena, mara tatu, ingawa hakuna mteja mlangoni.

Jumapili hii atasali misa ya pili. Amemwomba Generosa dakika mbili baada ya matangazo, bila kusema za nini. "Anadhani binti yangu Paskalia anaolewa," anasema. "Ameshaanza kuchagua nyimbo." Anachotumaini ni kimoja: akimaliza kusema, Eliya ainuke benchi la tatu, apite mbele, aishike besi.

Anafungua vitufe vyote viwili mpaka mwisho na kudonoa uzi mnene. Mabati yanatetemeka. Feni mbovu inayumba juu ya mlango.

Zuwena anachungulia, mkononi ana futi ya kupimia vitenge. "Imetema," anasema.

"Hiyo imetema," anajibu fundi, na kuichomoa pasi yake ya kuchomelea ukutani. "Bado mimi."