Steinvör, Anayepima Majoka kwa Nyuzi Joto

Saa moja asubuhi, na kumekucha kwa saa tu, si kwa mwanga. Theluji inaangukia kofia ya sufu ya Steinvör Ketilsdóttir, ambaye ameinama ukingoni mwa bwawa la kuogelea la Skeljavík, kaskazini mwa Iceland, mkono mmoja ndani ya maji. Anapima klorini, anapima joto, anatikisa kichwa kuridhika. Kisha anainuka na kumrudisha bafuni kijana mgeni aliyetaka kupita na nguo ya kuogelea iliyo kavu.

"Kaoge kwanza, mpenzi. Vua hiyo, uoge vizuri, ndiyo uvae," anamwambia. "Usione haya, wote tumeumbwa hivyo hivyo."

Wateja wake wa kila siku wameshaingia chunguni. Ndivyo watu wa hapa wanavyoliita bwawa dogo la duara lenye maji moto, na ukiwaona wamekaa humo hadi shingoni, mvuke ukiwafuka usoni, utakubali kwamba jina halikukosewa. Yumo daktari wa mifugo, yumo kasisi, wamo wafugaji wawili wa kondoo na mama mwenye duka la vitambaa. Wanaongea habari za upepo, lakini hakuna anayeujali upepo. Wanangoja Steinvör avute kiti chake cha plastiki.

Anakivuta. Habari za upepo zinakoma.

"Nimekimaliza kile kitabu cha watu waliosafiri angani karne tatu," anasema. "Chombo ni kizuri, injini nimeielewa, na zile nyota zimeandikwa vizuri mno. Lakini niambieni. Watu mia nane wamefungiwa pamoja karne tatu, na hakuna hata mmoja aliyemnunia jirani yake kwa ajili ya taka? Huyu mwandishi hajawahi kukaa kijijini."

Kicheko kinazunguka chungu kizima. Kasisi anauliza ni nyuzi ngapi. Steinvör anafikiri, anajikuna chini ya kofia, kisha anatamka: thelathini na nane.

Hiyo ndiyo mizani yake. Riwaya ya nyuzi thelathini na nane ni ya kukaa humo ukipiga soga bila madhara. Ya arobaini inakulegeza viungo. Ya arobaini na mbili hukai muda mrefu, ila ukitoka unasikia umekuwa mtu mwingine. Mbovu kabisa inapelekwa kwenye chungu cha pili, kile cha maji baridi kilichoko pembeni, ambacho kina nyuzi sita na ambacho watu wenye akili timamu huingia kwa sekunde chache na kutoka wakitetemeka.

Steinvör ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameifanya kazi hii ya kulinda waogeleaji, kusugua vigae na kugombana na pampu. Mshahara hautoshi kununua kila kitabu kipya, hivyo husubiri zamu yake maktaba kama wengine. Akiwa kwenye kibanda chake cha kioo, jicho moja liko majini na mwenzake liko ukurasani. Anaapa kwamba hajawahi kupitwa na kitu upande wowote.

Hasomi ila riwaya za majoka, za wachawi, za sayari za mbali na za mashine zinazofikiri. Mumewe, marehemu Oddgeir, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke anayelala na mazimwi. Wapo wanaomuuliza mpaka leo kwa nini mtu mzima asome mambo ya kukimbia dunia. Swali hilo humpandisha mori.

"Sikimbii dunia hata kidogo," anasema. "Nasoma nione kama mwandishi anaijua. Joka namwamini mara moja, hana shida. Lakini mama mwenye watoto wanne ambaye hachoki, huyo siwezi kumwamini hata nikilipwa."

Kitabu chenyewe hakiingii chunguni, maana kikilowa kimekwisha. Kinachoingia ni maoni tu, tena kwa mdomo, na kila mtu anatoa yake. Mama wa duka la vitambaa anapenda wachawi na hawezi kustahimili roboti. Daktari wa mifugo hulalamika kila mara farasi wanapokimbizwa siku tatu bila maji. Wanabishana, wanachekana, halafu wanakwenda makazini wakiwa wekundu kama kamba waliochemshwa.

Yupo mwingine chunguni humo ambaye msomaji hajatambulishwa kwake. Ni Bessi Ormarsson, dereva wa kreni bandarini, mtu mrefu mwenye maneno machache. Kwa miaka kumi na tisa amekaa sehemu ile ile, mkabala na kiti cha Steinvör, akisikiliza. Majira ya baridi yaliyopita nafasi yake ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu kazi hii aipate, Steinvör alitamani asingekuwa na mdomo.

Ilikuwa Novemba, wakati wa mafuriko ya vitabu. Hapa kila mtu humpa mwenziwe kitabu usiku wa Krismasi, kwa hiyo vipya vyote hutoka kwa mkupuo wiki hizo, na Steinvör huwa na kazi nyingi kuliko mchinjaji. Kati ya vipya hivyo kilikuwamo kimoja kiitwacho Mjane wa Volkano, cha mtu aliyejiita Kolur Hafstað. Hakikuwa na picha ya mwandishi.

Watu wa nchi hii ni wachache, na karibu kila mmoja ni binamu wa mwenziwe. Kwa hiyo wana adabu moja ambayo mtoto huifunzwa mapema: kabla hujamsema mtu, uliza kwanza kama jamaa zake wapo. Steinvör akauliza, kama ilivyo desturi yake, kama chunguni mna ndugu wa huyo Hafstað. Watu wakatazamana. Kasisi, anayezijua koo zote hadi kwa mababu, akasema hajawahi kulisikia jina hilo. Bessi akayatazama maji.

Basi Steinvör akajimwaga. Alisema mjane huyo anatembea kurasa mia nne juu ya barafu na majivu bila kutia kitu kinywani. Alisema joka linaongea kama karani wa benki. Alisema aliyekiandika anaujua mlima vizuri sana, ila mwanamke hajawahi kumtazama hata siku moja. Halafu akakipeleka kwenye nyuzi sita, na watu wakacheka hadi maji yakamwagika nje.

Bessi alinyanyuka taratibu. Akavuka vigae, akaingia kwenye chungu cha baridi, akakaa. Wenzake walidhani ni mzaha na wakampigia makofi. Alikaa humo mpaka Steinvör akaenda kumwamuru atoke, maana hiyo pia ni kazi yake, na alipotoka alikuwa amebadilika rangi. Akasema ahsante. Akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Kisha habari zikafika kwamba gari lake linaonekana kila asubuhi likivuka mlima kwenda kuoga Djúpanes, mji wa jirani. Kwa watu wa Skeljavík, mtu akihama bwawa ni kama amehama nyumba. Walianza kuulizana nani kamuudhi.

Jibu Steinvör alilipata dukani, mbele ya friji la samaki, kutoka kwa Jóra, mke wa Bessi. Jóra hakupandisha sauti. Alimweleza tu kwamba mumewe aliandika kitabu kwa miaka sita, kila siku baada ya kazi, kwenye meza ya kulia chakula, na hakumwambia mtu mwingine yeyote duniani. Jina la Hafstað walilitunga wote wawili.

"Sasa anakula hasemi, anaoga kwa watu asiowajua," Jóra akamwambia. "Sikulaumu, Steinvör. Ila nimekwambia ujue ni nani uliyemtia kwenye maji ya baridi."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo tunavyoambiwa. Hatuambiwi kama ni mpenzi wa jirani. Steinvör alirudi nyumbani bila samaki aliyemfuata. Akaacha kuvuta kiti. Wateja wakimuuliza anasoma nini, aliwajibu kwamba macho yanamsumbua. Chungu kikabaki na habari za upepo, na daktari wa mifugo anakumbuka majira yale kwa uchungu. Anasema walioga, wakawa safi, na hakuna aliyefurahi.

"Niliona aibu, kweli," Steinvör anasema. "Lakini si kwamba nilisema uongo. Ningekwenda kumwambia kitabu chake ni kizuri, angejua nadanganya, na hapo ndipo ningempoteza kabisa. Sikuwa na njia."

Njia pekee aliyoiona ilikuwa ni kukisoma tena. Akakinunua safari hii, akakisoma polepole, kama anayerudia nyumba aliyopita akikimbia. Siku yake ya mapumziko ilipofika, akaweka taulo kwenye mfuko na kuvuka mlima.

Djúpanes alipokewa na mhudumu msichana ambaye hakumjua, naye akamuuliza kwa heshima kama ameoga vizuri. Steinvör, aliyewauliza swali hilo maelfu ya watu, anasema hajawahi kujihisi mdogo namna ile. Akasema ndiyo, ameoga, akaenda chunguni. Bessi alikuwa peke yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Maji yao yamepoa," Steinvör akasema akiingia.

"Thelathini na saba," Bessi akajibu. "Nimeshawaambia."

Wakakaa. Kisha Steinvör akamwambia amekisoma tena. Bessi akauliza nani kamtuma, naye akasema Jóra kamwambia jina tu, kusoma kasoma mwenyewe.

"Ile sura ambamo mjane anarudisha mayai ya joka mlimani, akijua likizaliwa litaichoma nyumba yake," akaendelea. "Mara ya kwanza niliipita mbiombio kwa kuwa nilikuwa nimeshakasirika. Lilikuwa kosa langu. Nimeisoma mara tatu. Nimelia, Bessi."

"Basi ni nyuzi ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Umelia, halafu thelathini na sita?"

"Nimelia sura moja. Zilizobaki mwanamke wa watu anapanda mlima, anapigana, anazika mume, na hali hata samaki mkavu. Wewe ukikosa kahawa ya saa nne unagombana na kreni."

Bessi anasimulia kwamba alijitahidi sana akasirike. Alikuwa na haki, anasema, na alikuwa ameshajiandaa kwa wiki kadhaa. Badala yake kicheko kilimtoka, maji yakamwingia puani, na msichana wa Djúpanes akaja mbio akidhani mtu anazama.

Alipotulia, akasema jambo ambalo Steinvör hulisimulia mpaka leo akiwa ameangalia pembeni.

"Unajua kwa nini nilificha jina? Miaka yote hii nakaa mbele yako nikisikia unavyosema vitabu vya watu. Nikatamani nisikie utasema nini cha kwangu. Ningeandika Bessi, ungenionea huruma."

"Nisingekuonea."

"Ungenionea. Kidogo."

Steinvör akakubali kwamba labda, kidogo.

"Sasa kama ulitaka ukweli, ulikimbilia nini huku?"

"Nilidhani niko tayari," Bessi akasema.

Jumatatu iliyofuata alikuwa amekaa mahali pake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mama wa duka la vitambaa alimsogezea nafasi tu, na kasisi akaanza kumweleza habari za upepo, mpaka Steinvör alipokuja akiburuta kiti na kutangaza mbele ya wote kwamba Hafstað ndiye huyu hapa, na kwamba kitabu kimepandishwa hadi thelathini na sita, hakitapanda zaidi hata akilia nani. Kwa shangwe iliyopigwa, watoto wa shule waliokuwa wakijifunza kuogelea upande wa pili walisimama kutazama.

Siku hizi Bessi anaandika kitabu cha pili, na huwasimulia wenzake sura moja moja humo humo majini. Mjane amerudi. Kufikia sura ya tatu ameshakula kichwa cha kondoo, viazi na maziwa ya mgando, na Steinvör ameanza kulalamika kwamba sasa anakula mno.

Asubuhi hii, baada ya watu wa angani, Steinvör amebakiza kitabu kimoja, riwaya mpya ya mchawi anayeuza miaka yake. Mwandishi ni mgeni kabisa kwenye vitabu. Steinvör anafungua kinywa, kisha anasita. Anawatazama mmoja mmoja kupitia mvuke.

"Ngojeni kwanza. Zamani nilikuwa nauliza nani ana ndugu humu. Naona niliuliza vibaya," anasema. "Humu nani anaandika? Hata kama ni sura moja. Hata kama ni kichwani tu. Semeni sasa."

Mkono wa mfugaji mmoja unatoka majini, ukifuka mvuke. Unafuata wa daktari wa mifugo. Mama wa duka la vitambaa anainua wake bila kumtazama mtu. Mfugaji wa pili anamtazama wa kwanza kwa mshangao, maana ni kaka yake na wanaishi nyumba moja, kisha naye anainua. Kasisi anajikohoza, anaangalia juu, anainua. Bessi anainua kwa fahari. Nakiri kwamba na mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya chungu, aliuona mkono wake ukipanda.

Steinvör anatuangalia kwa muda mrefu. Theluji inajaa kwenye kofia yake naye haipangusi.

"Nina miaka saba kabla ya kustaafu," anasema hatimaye. "Andikeni, basi. Vyote nitavisoma, na kila kimoja nitakisema hapa hapa, mbele ya watu, kama kilivyo."

Anangoja kidogo, atupe nafasi ya kufikiri. Hakuna anayeshusha mkono.