Swali la Nani Aanze

Hoteli yetu ya Diani ilipata meneja mpya kutoka bara, naye akaja na jaribio la kujua aina ya mtu. Ulijibu maswali kwenye simu, kisha ukaambiwa wewe ni Mchangamfu, Mtulivu au Mpangaji. Wachangamfu wangekaa mapokezi. Watulivu wangekwenda kwa dobi. Mimi nilitoka Mpangaji, nikaachwa na ratiba zangu za vyumba.

Mwenzangu wa mapokezi, mama mmoja wa kijiji cha Bodo, alitoka Mtulivu. Nilishangaa, kwani wageni walikuwa wakichelewa kwenda ufukweni kwa ajili ya maneno yake. Tena alikuwa na pumu. Mvuke wa pasi na dawa za kufulia vingemmaliza.

Nilimwuliza alijibu nini. Akanieleza kwamba swali lilikuwa kama huwa anaanza kuzungumza na mtu asiyemjua, naye akasema hapana.

"Mwanangu, mimi nina wajukuu," aliniambia. "Nianze mimi kumwamkia kijana? Aniamkie yeye, kisha nitamsemesha mpaka akimbie."

Basi jaribio lilikuwa limepima umri wake na adabu zake. Nilimwomba meneja arudie, akakubali. Wiki ile hoteli ilikuwa imejaa wazee wa Ulaya, na mama, akiwafikiria hao, alijibu ndiyo. Akatoka Mchangamfu. Mimi nami nilirudia, nikatoka Mtulivu.

Nilimpelekea meneja majibu yote. Nikasema mizani inayobadilisha uzito wa gunia lile lile haifai kupimia.

"Si watu hubadilika, madam?" meneja aliniuliza.

"Kama hubadilika, mbona unawapangia kazi kwa aina?"

Alisugua macho. Akasema majina ya mara ya kwanza yalikwisha kwenda makao makuu, na yeye pia ana wakubwa. Sikuwa na nguvu ya kubishana zaidi, na nadhani hata yeye hakuwa nayo.

Nilikwenda kwa msimamizi wa dobi, nikamwomba amweke mama mlangoni akunje mashuka, asiguse pasi. Alikubali, mpaka atakapoambiwa vingine.

Mama alikuwa akitoa vitu vyake kwenye droo ya mapokezi: kanga, miwani, dawa ya kuvuta. Nikampa habari. Hakushukuru wala hakulalamika. Aliniuliza tu kama pale mlangoni hupita upepo.

Nikamwambia hupita, asubuhi.